Saa Iliyomo Kichwani mwa Panya



Mtu apitaye mchana katika mbuga za Serengeti humwona panya wa nyasi akikimbia katika vijia vyake. Lakini panya shamba, yule aharibuye mahindi yetu, hungoja jua lichwe ndipo atoke. Wote ni panya, na nchi yao ni moja. Ni nani basi ampaye kila mmoja zamu yake?

Pengine mtasema, "Ni jua." Jua lina sehemu yake, lakini si yote. Ukimfungia panya gizani siku nyingi, ataendelea kuamka na kulala kwa zamu ya karibu saa 24, ila kidogo kidogo atapotea majira, kama saa isiyorekebishwa. Yaani saa imo mwilini mwake.

Mwaka 1972 wataalamu wa Marekani walitambua mahali ilipo. Chini ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho ipishanapo, pana vifundo viwili. Katika panya kila kimoja kina chembe kama 10,000. Vikiharibiwa, mnyama hulala na kuamka ovyo. Mwaka 1990 hamsta walioondolewa vifundo vyao walitiwa chembe za namna hiyo kutoka kwa hamsta wa ukoo wenye mzunguko wa saa 20. Nao wakafuata saa 20. Ndani ya kila chembe hutengenezwa protini ambazo zikizidi huzuia kutengenezwa kwake zenyewe. Zikipungua, kazi huanza upya. Na nuru ya asubuhi, ipitayo machoni, huirekebisha saa hiyo kila siku.

Sasa sikilizeni ajabu. Mwaka 1993 panya wa nyasi walikamatwa Masai Mara, ng'ambo ya mpaka wetu, na wazao wao wakachunguzwa Marekani. Ikaonekana ya kuwa vifundo vya panya wa mchana na vya panya wa usiku vyote huchangamka mchana. Tofauti imo katika sehemu nyingine za ubongo zinazovisikiliza: kengele ni moja, lakini huyu huitika kwa kuamka, na yule kwa kulala.

Yatufaa nini haya? Kwanza, mkulima ategaye panya shamba na autege mtego wake magharibi. Pili, sisi nasi tu viumbe wa mchana, na saa kama hiyo imo vichwani mwetu. Mwanafunzi akeshaye mbele ya taa kali huichelewesha, na asubuhi darasani husinzia. Naye mlinzi au muuguzi akeshaye kazini, kisha akalala mchana, hushindana na saa yake mwenyewe. Basi msimwite mvivu. Mfungieni dirisha, na watoto wacheze mbali.