Miaka Mitatu ya Kemia: Mwana Akirudi Atakuwa Nani?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, walimu na wazazi wa Mkuza, Kibaha)



Nimeombwa niseme nanyi habari za vijana wanaokwenda Chuo Kikuu kusoma Kemia. Mimi ni karani, wala si mkemia. Walakini karani huandika barua za watu wengi, na katika barua hizo swali moja laja mara kwa mara. Mzazi huuliza: "Mwanangu atakaa chuoni miaka mitatu, akirudi atakuwa nani?" Akisoma udaktari atakuwa daktari, akisoma sheria atakuwa wakili, lakini huyu wa Kemia jina lake halijulikani sana mtaani. Swali hili ni la haki, maana fedha ya masomo hutoka katika korosho na mihogo ya mzazi. Basi nitalijibu kwa kuanza na huo muhogo.

Kila mama wa Pwani ajua ya kuwa muhogo mchungu hauliwi vivi hivi. Humenywa, hukatwa, hulowekwa, huanikwa juani, ndipo husagwa. Mabibi zetu waliyajua hayo kabla ya shule yo yote. Kemia hutuambia sababu yake. Ndani ya muhogo mna kitu kiitwacho linamarini. Muhogo ukikatwa au ukitwangwa, linamarini hukutana na kimeng'enya kilichomo katika muhogo huo huo, nayo huvunjika, na mwisho wake hutoka sumu ya sianidi. Sumu hiyo huchemka na kuwa hewa penye joto la nyuzi 26 tu, yaani joto la chini ya mwembe. Kwa hiyo ikipewa nafasi na muda huondoka na upepo. Mama anayeloweka na kuanika anaitoa sumu, ijapokuwa haioni.

Tena angalieni hatari ya haraka. Katika mwaka 1985, wakati wa ukame, huko Tarime katika Mkoa wa Mara, watu walipooza miguu ghafula, na wengi wao walikuwa watoto na wanawake. Ugonjwa huo huitwa konzo, neno la Wayaka wa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Na mguu uliokwisha pooza hivyo haurudi kama ulivyokuwa. Wachunguzi waliona ya kuwa watu hao walikula muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, kwa sababu njaa haikuwapa muda wa kungoja.

Ni nani awezaye kutazama unga mweupe na kusema, "Huu una sumu, na ule hauna"? Jicho haliwezi. Mkemia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, Howard Bradbury, pamoja na wenzake, walitengeneza njia nyepesi ya kupima: unga kidogo hutiwa katika chupa ndogo pamoja na kikaratasi cha rangi ya manjano, chupa hufungwa, na sumu ikiwamo kikaratasi hugeuka rangi ya kahawia. Kadiri sumu ilivyo nyingi, ndivyo rangi inavyokolea. Kipimo kinachokubaliwa na mataifa ni sianidi isiyozidi miligramu 10 katika kilo moja ya unga. Wakaonyesha pia ya kuwa unga ukikorogwa na maji, ukatandazwa mwembamba, ukaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu yake hupungua sana. Kisha hupikwa ugali siku ile ile. Haihitaji mashine wala fedha.

Nimeyataja hayo ili mjue kijana huenda kujifunza nini. Watu wengi hudhani Kemia ni kukariri majina magumu. La, sivyo. Kwanza kabisa hufundishwa kupima. Husimama katika maabara saa nyingi akidondosha tindikali katika alkali, tone baada ya tone, mpaka rangi igeuke. Kisha huanza tena upya, na tena, mpaka vipimo vyake vikubaliane. Hufundishwa kuandika alichokiona, wala si alichotaka kukiona. Chembe zilizomo katika gramu 12 za kaboni ni nyingi kupita kuhesabika moja moja, naye hujifunza kuzihesabu kwa mizani, kama vile mnunuzi wa korosho asivyohesabu punje, bali hupima gunia. Husoma vitu vyenye asili ya kaboni, kama mafuta, dawa na sukari. Husoma madini na chumvi. Husoma joto na mwendo wa mageuzi ya vitu, na hapo hisabati humbana sana. Wako wanaoshindwa kwa sababu ya hisabati, wala si kwa sababu ya Kemia yenyewe.

Zamani njia ya masomo haya ilikuwa ndefu. Kijana wa Tanganyika aliyetaka shahada ya sayansi aliitafuta Makerere huko Uganda au ng'ambo. Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kilianza na sheria peke yake. Kitivo cha sayansi kilifunguliwa mwaka 1965, na mwaka 1970 chuo kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kamili. Leo kijana wa Mkuza hupanda gari katika barabara ya Morogoro akafika Mlimani siku ile ile. Na hapa hapa Kibaha iko Shule ya Sekondari ya Kibaha, katika Shirika la Elimu lililoanzishwa kwa msaada wa nchi za Kaskazini ya Ulaya na kukabidhiwa Serikali mwaka 1970.

Wala msidhani ya kuwa Mlimani husoma mambo ya mbali tu. Ninyi mnaobangua korosho mwayajua mafuta ya ganda lake, jinsi yanavyounguza vidole. Profesa Egid Mubofu na wenzake katika idara ya Kemia ya chuo hicho wameyachunguza mafuta hayo hayo, ili kuyafanya mali ya viwandani. Kitu kilichotupwa na kuchukiwa, mkemia huuliza kimefanywa kwa nini, na chaweza kufaa nini.

Basi nalijibu swali la mzazi. Mwana akirudi aweza kuwa mpimaji katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, au katika Shirika la Viwango. Aweza kusimamia shabu na klorini mahali panaposafishwa maji ya mto kabla hayajafika bombani. Aweza kuwa kiwandani mwa dawa, sabuni au rangi. Aweza kuwa mwalimu, na shule zetu zina haja kubwa na mwalimu huyo. Walakini sitawadanganya: shahada si hati ya kiti ofisini. Wako waliomaliza na bado wanatafuta kazi. Na fedha ya Bodi ya Mikopo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004, ni deni wala si zawadi. Hulipwa mtu akipata kazi. Mzazi na mwana wayajue hayo mapema, wasije wakalaumiana baadaye.

Sasa nina maneno matatu, kisha niketi. La kwanza ni kwa wazazi: msingoje Kidato cha Sita ndipo mwulize habari za sayansi. Mtoto anayekosa vipindi vya hisabati kila msimu wa korosho, mlango umekwisha fungwa kabla hajaufikia. Na binti asitolewe katika somo hili kwa kuambiwa ni la wavulana. Hao wanaoitoa sumu katika muhogo nyumbani ni akina mama.

La pili ni kwa walimu: pasipo maabara kamili, ipo siki, yapo majivu, yapo magadi na ndimu. Mtoto aone kitu kikigeuka mbele ya macho yake hata mara moja, naye hatasahau.

La tatu ni kwenu wazee wa mitaa. Mwanafunzi wa Kemia akija likizo, msimwulize tu ameleta nini kutoka mjini. Mpelekeni kisimani, mwonyesheni unga wa muhogo wa mwaka wa ukame, mwulizeni, "Mwanetu, hiki chapimwaje?" Akijua, mtaa utafaidika mara moja. Asipojua, atarudi chuoni na swali letu mfukoni, na swali hilo litampa sababu ya kukesha.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Miaka mitatu ya mizani na chupa ni kuinama huko. Tumsaidie mwana ainame vizuri, ainuke na kitu mkononi.