Timu Isiyofika Yaoundé



Wengi wenu mliorudi Kipese mnashangilia Mazembe. Mwaka 1967 timu hiyo ya Lubumbashi iliitwa Englebert. Kombe la Mabingwa wa Afrika lilikuwa bado changa: Oryx ya Kameruni ndiyo ililichukua mara ya kwanza, 1965. Kwenye finali Englebert ikakutana na Asante Kotoko ya Ghana. Kumasi, 1–1. Kinshasa, 2–2. Wakati ule hakukuwa penati za kukata maneno, basi mechi ya tatu ikapangwa Yaoundé. Kotoko hawakutokea, inasemwa ujumbe haukuwafikia. Englebert wakapewa kombe bila mpira kupigwa.

Sisi wa shirika tunaleta habari hii juu ya listi ya mbegu. Wenzetu wengine wangali Butembo, kwa familia zilizowapokea. Asiyekuja kujiandikisha tunasema amekataa, kumbe hakuambiwa.

Tunaomba hivi: kila nyumbakumi apigie watu wake simu, halafu aturudishie jibu, "nimemupata" ao "sijamupata". Mbele ya majibu hayo, listi isifungwe.

Kotoko walingoja kombe la 1970. Mwenye kukosa mbegu hawezi kungoja miaka 3.