Pishi Iliyobadilishwa Baada ya Kupima

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumeombwa tuzungumze habari ya kesi za Bara Hindi juu ya sifa za mtu kuandikwa kazi ya kusomesha katika vyuo vikuu. Asitokee wa kusema kuwa hayo ni mambo ya mbali. Tangu mwaka 2023 chuo cha Madras kina tawi lake hapa kwetu Bweleo (ingawa chuo hicho kina sheria yake peke yake, wala hakimo katika kesi hizi), na vijana wetu wangapi wameivuka bahari kwenda kusoma kule?

Kwa sheria ya mwaka 1956, iko kule Tume ya Misaada ya Vyuo Vikuu, nayo ndiyo yenye madaraka ya kuweka kipimo cha mwalimu. Tume ilileta mtihani wa taifa zima kwa kila atakaye kuwa mhadhiri. Mwaka 2006 ikasema: mwenye shahada ya Udaktari wa Falsafa hana haja ya mtihani. Watu wakalishika neno hilo, wakajifungia na vitabu vyao. Kumbe tarehe 11 Julai 2009 ikaanza kanuni nyingine: udaktari usamehewao mtihani ni ule tu uliopatikana kwa taratibu mpya za mwaka huo. Wa zamani warudi wakafanye mtihani.

Hapa ndipo pa kutazama vyema. Tume yenyewe iliuona uzito wa jambo hili. Mwaka 2010, katika vikao vya Agosti na Septemba, iliazimia kuwa walioandikishwa kabla ya tarehe ile wasamehewe. Serikali ya Dilhi, Novemba ya mwaka huo huo, ikakataa. Basi aliyekabidhiwa pishi ataka kupima kwa haki, na aliyemkabidhi amshika mkono!

Watu wakaenda mahkamani. Mahkama Kuu za Dilhi, Madras na Rajasthan ziliwakatalia. Ya Allahabad, Aprili 2012, ikawapa haki. Tarehe 16 Machi 2015 Mahkama ya Juu kabisa, kwa kalamu ya Jaji Rohinton Nariman, ikaitengua hukumu ya Allahabad. Ilisema kuwa asiyekwisha kuajiriwa hana haki iliyothibiti. Kuwa tumaini alilotiwa mtu halina budi kuyapisha maslaha ya umma. Na kuwa Tume yafungwa na maagizo ya serikali katika mambo ya siasa ya elimu.

Nasi tuseme kweli, ingawa hukumu hiyo haikutupendeza: hoja ya serikali haikuwa ya upuuzi. Udaktari wa chuo kimoja haukuwa sawa na wa chuo kingine, na mwanafunzi naye ana haki ya kupata mwalimu aliyepimwa. Sisi tuliosoma chuoni kwa ubao twajua kuwa ijaza haitolewi kwa sababu mtu amekaa jamvini miaka mingi. Lakini mwenye duka akitaka kubadili pishi huibadili asubuhi kabla ya kufungua mlango, si mchele ukisha kuwamo kikapuni mwa mnunuzi.

Tena njia ilikuwako. Mwaka 2016, mwaka mmoja tu baada ya kushinda, Tume ikatoa msamaha kwa walioandikishwa kabla ya 11 Julai 2009, kwa masharti: udaktari uwe wa kuhudhuria, tasnifu iwe imesahihishwa na wataalamu wa nje wasiopungua wawili, mwenyewe awe amehojiwa hadharani, awe amechapisha makala mbili za utafiti wake na kusoma nyingine mbili mikutanoni. Masharti hayo yaipima kazi ya mtu, hayampimi kwa kalenda. Nani aliyezuia yasiandikwe mwaka 2010? Aliyekuwa na umri wa miaka thelathini wakati ule alikwisha kuwa na thelathini na sita.

Wala pishi haikutulia. Mwaka 2018 Tume ilisema kuwa udaktari utakuwa lazima kwa kila mhadhiri mpya wa chuo kikuu kuanzia Julai 2021. Ikaahirisha mpaka 2023, kisha sharti lenyewe ikaliondoa.

Kwa hivyo twawaomba wawakilishi wetu, kila itakapoletwa mbele yao kanuni ya sifa za waalimu, wasiishie kuuliza kipimo ni kipi. Waulize pia: waliomo njiani wamewekewa nini, na yameandikwa wapi?