Maua ya Uani

Leo twazungumza juu ya maua ya uani katika mwambao wetu. Masika yakisha, na pepo za kusi zikaanza kuvuma kwa ubaridi wake, miembe huchanua vishada vya maua madogo yavutayo nyuki na nzi, ilhali mkrismasi, mti uliotoka Bukini, hungoja hata karibu na Desemba ndipo uwake wekundu. Lakini sultani wa bustani, kwa rai yangu, ni mlangilangi: ua lake huzaliwa la kijani, lisilo na harufu ya kutajika, likakaa mtini siku kadha wa kadha hata petali zake ndefu zilizolegea zigeuke manjano, na hapo ndipo manukato yake hutanda nyumba nzima usiku, basi alichumaye lingali bichi amejidhulumu nafsi yake. Asumini nayo hufumbua jioni, kwa hiyo wafungao vikuba huchuma vitumba alasiri, wakavichanganya na mrehani. Mwenye miche, tafadhali, na aipande mwanzo wa masika, mvua impunguzie taabu ya kumwagilia.