Mazungumzo ya Afya: Soda Isiyo na Sukari wala Kafeini, Je, Ni Chaguo Jema?



Wengi wetu huvuka bahari kwenda Dar es Salaam kwa shughuli za kikazi na za biashara, na safari hizo aghalabu hutufikisha Kariakoo. Jua la mchana na msongamano wa Mtaa wa Msimbazi humfanya mtu atafute kinywaji baridi, na madukani huzikuta soda zilizoandikwa kuwa hazina sukari. Yafaa tuelewe kinywaji hicho kinatufaa nini, na kinaweza kutukosesha nini.

Chupa ya mililita 350 ya kola ya kawaida ina takriban gramu 37 za sukari, sawa na vijiko tisa vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula cha siku, na ni bora zaidi isifike asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kiasi cha gramu 25. Anayeiacha soda hiyo akanywa isiyo na sukari hujipunguzia mzigo mkubwa.

Hata hivyo, kupunguza madhara si sawa na kujenga afya. Mwaka 2023 Shirika hilo lilishauri viungo vya utamu visivyo sukari visitumiwe kwa ajili ya kudhibiti uzito, kwani faida ya muda mrefu haikuthibitika. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Aidha, asidi iliyomo katika soda hula meno, sukari iwemo isiwemo.

Kuhusu kafeini, ieleweke kwamba kukosa sukari si kukosa kafeini. Kola nyingi zisizo na sukari bado zina kafeini, na soda nyingi za machungwa hazina kafeini lakini zina sukari. Msomaji wa lebo hana budi kuyatazama yote mawili.

Lipo jambo moja ambalo kila aliye na mgonjwa wa kisukari nyumbani au ofisini apaswa kulijua. Mgonjwa anayetumia insulini, akichelewa kula kwa sababu ya safari au foleni, sukari yake ya damu yaweza kushuka ghafla. Hutetemeka, hutoka jasho na huchanganyikiwa. Wakati huo soda isiyo na sukari haimsaidii hata kidogo. Apewe soda ya kawaida au maji yenye sukari ya kutosha, maadamu yu macho na aweza kumeza. Akiwa amezimia, asitiwe kitu chochote kinywani, bali afikishwe hospitali mara moja.

Kwa matumizi ya kila siku, maji safi na salama yabaki kuwa kinywaji cha kwanza. Juisi ya miwa, ingawa ni ya asili, ina sukari nyingi. Soda isiyo na sukari wala kafeini ni nafuu kwa aliyezoea soda, wala si dawa, na asiyeizoea hana haja ya kuianza.