Kifua Kikuu na Kazi Yetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kambu)

Ndugu wanachama, leo hatukuja kusema habari za mshahara, ingawa mtaona kwamba nao umo.

Mnajua Kambu yetu ilivyo: mji wa barabarani, kati ya Makindu na Mtito Andei, na magari ya mizigo ya njia ya Mombasa hulala hapa. Dereva na utingo wake hulala ndani ya gari, vioo vimefungwa kabisa kwa ajili ya wezi na mbu. Mmoja akiwa na kifua kikuu, akikohoa, viini hukaa katika hewa ile saa nyingi, na mwenziwe huvivuta mpaka asubuhi. Hivyo ndivyo ugonjwa huu unavyoenea. Hauenei kwa kikombe wala kwa kushikana mikono, wala si laana ya ukoo. Daktari Robert Koch alitangaza viini vyake mwaka 1882, na hata leo wako watu wanaomtengea mgonjwa sahani yake, kisha wanalala naye katika chumba kisicho na dirisha!

Basi acheni hewa ipite. Ukikohoa majuma mawili, au ukitoka jasho usiku, au ukikonda bila sababu, nenda hospitali ya serikali ukapimwe makohozi. Dawa ni bure. Na watu wa nyumbani mwako wapimwe pia, watoto wadogo hasa.

Sasa neno lililotuleta. Mwenzetu mmoja alificha kikohozi miezi mingi, akinunua dawa za dukani, kwa sababu alimwona mwingine aliyepeleka cheti cha daktari akaambiwa asirudi kazini. Alipoanguka, utingo wake naye alikuwa ameambukizwa. Hatuwezi kumlaumu yeye peke yake.

Matajiri nao wasikie. Mgonjwa anayemeza dawa zinazomfaa, kwa kawaida haambukizi tena baada ya majuma mawili hivi. Daktari ndiye wa kusema. Matibabu ya kawaida ni miezi 6, si mwaka na nusu kama zamani, na miezi hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa wa nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki, matokeo ya kwanza yakatangazwa mwaka 1972. Lakini anayeacha dawa mwezi wa pili kwa kuwa amenenepa, viini vyake huweza kuzoea dawa, na kuviua ni kazi kubwa. Dereva wa safari, funga dawa zako pamoja na leseni.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, fungu la 30, inampa aliyetimiza miezi 2 kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka, akileta cheti. Siku hizo ni chache kwa ugonjwa huu, nasi tunataka mkataba wetu uzidi hapo.

Kwa sasa, mwenye kikohozi asikae peke yake na hofu. Aje kwa mwakilishi wetu, tumsindikize hospitali. Cheti tutakwenda nacho pamoja kwa tajiri, na nakala ibaki chamani.