SAMAKI WA NDIMU WA KUPALIA: CHAKULA CHA USIKU CHA MAMA ALIYETOKA KIKUNDINI

(Maneno yaliyosemwa na mjumbe wa Kamati ya Mafunzo siku ya kusherehekea miaka 10 ya kikundi, Lusu, Nzega)



Wenzangu waliotangulia wamezungumzia hisa, mikopo na riba. Mimi nimepewa kazi ya jikoni. Msicheke. Jiko na kisanduku ni ndugu wa tumbo moja, na nitaeleza kwa nini.

Kwa miaka 10 tumekutana alasiri baada ya shamba na soko. Kila tunapokaribia kufunga kisanduku, utawaona akina mama wanaanza kuangalia jua. Mwili upo mkutanoni, moyo upo jikoni. Maharage hayajachemshwa, watoto wana njaa, na baba mwenye nyumba keshauliza mara mbili, "Huko kikundini mnafanya nini mpaka giza?" Mama anaondoka kabla hesabu haijasomwa. Na ninyi mnajua, mwanakikundi asiyesikia hesabu ikisomwa ndiye wa kwanza kuwa na mashaka, na mwenye mashaka ndiye wa kwanza kujitoa. Kwa hiyo chakula cha usiku kinachoiva upesi ni jambo la uhai wa kikundi. Si jambo la anasa.

Chakula chenyewe ni samaki mweupe, sato au sangara, aliyepaliwa moto juu na chini, pamoja na mchuzi wa ndimu na chungwa. Tangu kuwasha jiko mpaka kunawa mikono hakizidi saa moja. Maharage makavu, saa moja ndiyo kwanza yanaanza kulainika.

Kuna watakaosema, samaki na Lusu wapi na wapi? Sisi ni watu wa mlenda, kisamvu, michembe na dagaa. Ndugu zangu, mwaka 1858 Mwingereza Speke alitoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, akaelekea kaskazini kwa miguu. Alichukua kama siku 25 mpaka kuliona Ziwa Victoria tarehe 3 Agosti. Katika njia za misafara ya namna hiyo kitoweo cha ziwani kilisafiri kikiwa kikavu, maana kibichi kingeoza njiani. Leo kutoka Mwanza mpaka Nzega ni kilomita zaidi ya 200 za lami, na samaki wa barafu anafika siku hiyo hiyo. Ndimu nazo si ngeni kwetu. Wafanyabiashara wa pwani waliokaa Unyanyembe walipanda bustani za miembe na matunda jamii ya ndimu, na miembe ya Tabora mpaka leo inajulikana nchi nzima. Basi samaki amekuja kwa gari na ndimu ilikuja kwa miguu, wanakutana kwenye sufuria yako.

Sasa tuanze sokoni. Samaki aliyesafiri achunguzwe. Tazama jicho: liwe angavu, lililotuna, lisiwe limezama na kufanya ukungu. Fungua shavu: ndani kuwe kwekundu, pasiwe na rangi ya udongo. Bonyeza nyama kwa kidole: irudi mahali pake, shimo lisibaki. Kisha nusa. Samaki mzuri ananukia maji, hanuki uvundo. Muuzaji akikukataza kushika, mwache na samaki wake. Na tafadhali sana, msidanganyike kwamba ndimu inamponya samaki aliyeharibika. Ndimu inapunguza shombo tu, na shombo ikiisha ubovu unabaki palepale. Pia nyama ikigeuka nyeupe ndani ya ndimu, msiseme imeiva. Vijidudu vinakufa kwa moto.

Kwa watu watano au sita nunua sato wawili, kila mmoja kama robo tatu ya kilo. Uwe na ndimu nne, chungwa moja kubwa, vitunguu maji viwili, nyanya mbili, hoho moja, punje nne za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi urefu wa kidole gumba, mafuta vijiko vitatu vya chakula, chumvi, na asali kijiko kimoja cha chai. Asali ya Tabora tunayo, tusiione ya kuuza mjini tu.

Kwanza, para magamba, toa matumbo na mashavu, osha. Mchanje mistari mitatu kila ubavu. Mpake chumvi, saumu na tangawizi vilivyotwangwa, na maji ya ndimu mbili. Mwache robo saa tu. Ukimwacha tangu mchana, ndimu inakaza nyama na inakuwa kavu mdomoni.

Pili, wakati anangoja, washa mkaa. Tandika jani la mgomba ndani ya sufuria, kisha vitunguu na nyanya vilivyokatwa duara, kisha samaki, kisha hoho. Mwagia mafuta vijiko viwili. Jani lina kazi mbili: samaki hagandi, na ndimu haikai moja kwa moja kwenye sufuria ya alumini, maana ukali wake unaila na kuacha ladha ya chuma. Mwenye chungu cha udongo ana bahati, jani si lazima.

Tatu, funika kwa mfuniko bapa, punguza mkaa wa chini na upange makaa mengi juu ya mfuniko. Ni kupalia kulekule kwa wali na mkate wa kumimina. Moto mwingi uwe juu, kidogo chini. Baada ya dakika 25 funua. Nyama ikiachia mfupa na kuwa nyeupe mpaka ndani, ameiva. Kama unatumia minofu ya sangara, dakika 15 zinatosha.

Nne, mchuzi. Kaanga kitunguu kidogo kwa mafuta yaliyobaki, weka maji ya chungwa na supu iliyojitoa kwenye samaki, chemsha mpaka upungue nusu. Epua. Hapo ndipo unakamulia ndimu mbili za mwisho na kukoroga asali. Ndimu ikichemka sana harufu yake inapotea, na mbegu zikibaki mchuzi unakuwa mchungu. Mwagia juu ya samaki, leta ugali au wali. Msimu ndimu zikiadimika, ukwaju ulioloweshwa unafanya kazi hiyo.

Kichwa na mifupa visitupwe. Kesho yake chemsha na nyanya, ni supu ya watoto. Wenzetu wa Mwanza walishatufundisha kwamba hata mapanki ya sangara yana mlo.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie na fedha, maana najua Mweka Hazina ananitazama. Samaki ana gharama kuliko mlenda, sikatai. Ndiyo maana nasema hisa kwanza, samaki baadaye. Asitokee mtu akakopa kisandukuni ili ale. Mkopo wa kula hauzai, na mkopo usiozaa unalipwa kwa kuuza kuku au kwa kukimbia mkutano. Napendekeza anayetaka samaki aandikishe jina na kulipa taslimu siku ya mkutano, fedha zikae mbali na kisanduku na katika daftari lake. Tununue kwa pamoja kwa muuzaji tunayemwamini, tugawane kwa mizani mbele ya wote. Asiyeandikisha asionekane mnyonge, na mwenye mgonjwa au msiba afikiriwe na mfuko wa jamii kama kawaida yetu.

La mwisho ni kwa akina baba mliokuja kutuunga mkono. Tunashukuru kwa viti na kwa mbuzi. Lakini kazi hii mmeisikia: kupara, kupaka, kupalia. Hakuna hatua inayohitaji gauni. Siku ya mkutano, baba au kijana akiwasha mkaa jua linapozama, mama atakaa mpaka hesabu isomwe, atajua fedha ya nyumba yenu ilipo, na atakuta sufuria imepaliwa.

Kikundi hoyee!